Barua ya wazi kwa wakubwa wa Lindi na Mtwara: tairi la mtumba lisomwe tarehe kabla ya kuuzwa

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Lindi na Mtwara,
kwa wakuu wa usalama barabarani wa mikoa hii miwili,
kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA),
na kwa maafisa biashara wa halmashauri zetu zote.

Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi ni fundi pancha hapa Mtwara. Kibanda changu kipo pembeni ya barabara ya kutokea Mikindani. Kina kompresa moja, majeki mawili, beseni la maji la kutafutia matobo, na kwa nje nimepanga matairi ya mtumba kama wenzangu wote walivyopanga. Nayauza. Nimeyauza miaka 17, na watoto wangu wamesoma kwa hela hiyo. Kwa hiyo siandiki kama mtu wa pembeni anayenyooshea wenzake kidole. Naandika kwa sababu kuna jambo moja dogo ambalo ninyi mkilisimamia litaokoa watu, tena halihitaji kusubiri bajeti ya Juni. Tairi la mtumba lisiuzwe Lindi wala Mtwara mpaka mnunuzi aonyeshwe tarehe lilipotengenezwa, na tarehe hiyo iandikwe kwenye risiti yake.

Novemba 2023, korosho zikiwa mnadani na kila mwenye gari yuko barabarani, alinijia kijana mmoja jirani yangu na Noah yake. Alikuwa na tairi alilonunua duka jingine, anataka nimfungie nyuma kushoto. Kesho yake walikuwa na safari ya Masasi kwenye arobaini ya babu yao, mama yake na shangazi zake wanakwenda. Nililigeuza tairi mkononi. Kashata, yaani ule mpira wa juu unaogusa lami, nene, mifereji imechimbika, ubavu unang'aa mweusi. Nikamwambia, "Hapa umepata, dogo." Nikalifunga, nikajaza upepo, nikampa mkono.

Kesho yake saa tano asubuhi simu ikaita. Nikapanda bodaboda. Gari lilikuwa nje ya barabara, kati ya Mikindani na Mnazi Mmoja, limeingia kwenye mikorosho na kulalia ubavu. Mama yake alikuwa ameshapelekwa hospitali, mfupa wa bega umevunjika. Shangazi mmoja alikuwa amekaa chini, kanga kichwani, anatetemeka bila kusema neno. Hakufa mtu, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku. Hatua kama arobaini nyuma ya gari, katikati ya lami, lilikuwa limelala ganda la tairi, yaani ule mkanda wote wa juu wenye kashata, umebanduka mzimamzima kama gamba la nyoka. Nilipoinama kwenye gurudumu nikakuta mwili wa tairi uliobaki, nyuzi za chuma zimechomoza, bado una upepo. Halikutoboka. Lilijivua.

Tarehe haikuonekana kwa nje. Mara nyingi inakuwa upande mmoja tu wa tairi, na upande huo ni mimi niliyeuweka ndani, ukitazama chesisi. Nikalala chali mchangani, nikawasha tochi ya simu, nikafuta vumbi kwa kidole gumba. Mwishoni mwa yale maandishi yanayoanza na herufi DOT, ndani ya kiduara chenye umbo la yai, palikuwa na tarakimu nne: 3909. Wiki ya 39 ya mwaka 2009. Tairi lina miaka 14.

Kuzisoma hizo namba nilikuwa najua tangu zamani. Siku ile sikuzisoma.

Sisi mafundi, madereva, hata baadhi ya wakaguzi, tumezoea kulipima tairi kwa kashata. Likiwa kipara ni baya, likiwa na kashata ni zima. Kipara kweli ni kibaya, sibishi. Lakini tairi lina maisha mawili. Liko la kulika, ambalo kila mtu analiona, na liko la kuzeeka, ambalo haliachi kwenda hata kama tairi limekaa stoo halijawahi kugusa lami. Mpira unaliwa na hewa, joto na jua. Unakauka, unapoteza ule mnyumbuko wake, na gundi inayoshika mkanda wa juu na nyuzi za chuma zilizo chini yake inalegea kidogokidogo. Ndani ya mpira viwanda huweka dawa ya kuzuia mipasuko, nayo husambaa vizuri tairi linapozunguka. Tairi lililorundikwa uani miaka mingi dawa hiyo haifanyi kazi yake sawasawa. Kisha mnaliona limepangwa mbele ya kibanda kama changu, jua la kusini likilichoma tangu asubuhi hadi magharibi, likisubiri mteja.

Watengenezaji wengi wa matairi wanashauri tairi likivuka miaka 5 likaguliwe na fundi angalau mara moja kila mwaka, na likifika miaka 10 liondolewe hata kama kashata zimejaa. Uingereza walifika huko kwa machungu. Mwaka 2012 basi la vijana waliokuwa wakitoka kwenye tamasha lilipasuka tairi la mbele, watu 3 wakafa. Tairi lile lilikuwa na miaka 19, limelizidi umri basi lenyewe, na kwa macho kashata zake zilikuwa bado zipo. Mama wa mmoja wa marehemu alipigania jambo hilo miaka mingi. Kuanzia Februari 2021 sheria yao inakataza tairi lenye zaidi ya miaka 10 kukaa mbele kwenye lori au basi, na kwenye basi dogo lenye tairi moja moja nyuma limekatazwa magurudumu yote. Na ile ni nchi ya baridi. Sisi lami yetu ya saa nane mchana huwezi kukanyaga peku.

Nisemee na theluji, maana hapa wateja wanadanganyika bila mtu kuwadanganya. Matairi mengi ya mtumba yanatoka Japani. Wajapani wa sehemu zenye theluji wana seti mbili, moja ya kiangazi na moja ya majira ya baridi. Lile la baridi limeandikwa ubavuni STUDLESS, na mpira wake umetengenezwa laini makusudi ili ushike barafu. Watu wanakuja kwangu wakiomba "yale ya Studless" wakidhani ni jina la kampuni nzuri. Kashata zake zina michirizi midogo midogo ya kupendeza, zinaonekana kama mpya. Kwenye joto letu mpira ule unalainika kama kifutio cha shule, unalika upesi, na gari linayumba kwenye kona. Halikutengenezwa kwa ajili ya Lindi.

Na ule weusi unaong'aa? Ni dawa ya viatu, au mafuta. Nimewahi kupaka mwenyewe. Mpasuko mwembamba ubavuni unajaa rangi na kupotea machoni. Oili chafu ni mbaya zaidi, kwa sababu mafuta yanaula mpira wenyewe. Nimeacha tangu Novemba ile, na ninawaomba wenzangu waache.

Najua swali litakalonijia: maskini afanye nini, na tairi jipya bei yake ni hiyo? Ni swali la haki, na ndilo linalonijazia kibanda. Twende kwenye hesabu. Tairi jipya la gari dogo lina kina cha mifereji cha karibu milimita 8. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya alama. Tairi likilika hadi kulingana navyo, kina kimebaki milimita 1.6 na kazi imekwisha. Yaani katika tairi jipya unanunua milimita 6.4 za kutembelea. Tairi la mtumba la milimita 4, ambalo mitaani tunaliita zuri, lina milimita 2.4 tu juu ya alama. Tuchukue mfano jipya ni shilingi 150,000 na la mtumba ni 60,000. Gawanya: jipya kila milimita imekugharimu kama 23,400, la mtumba 25,000. Yule aliyedhani ameokoa 90,000 amenunua mpira kwa bei ya juu zaidi. Hapo sijahesabu kulifunga mara mbili au tatu ndani ya muda ambao jipya lingekuwa bado linatembea, wala siku ya kazi iliyopotea gari likiwa juu ya mawe pale Mbwemkuru.

Hesabu inageuka tairi likiwa na milimita 6 na miaka miwili au mitatu, halina kiraka, na unajua limetoka gari gani. Hayo yapo, ni machache, na sioni sababu ya kuyakataza. Tairi la mtumba kwa spea pia silikatazi, mradi halijapita umri. Na mkokoteni wa kubebea maji hauhitaji tairi jipya.

Kuhusu kutengeneza tairi bovu, naomba mnisikilize kwa makini kidogo, maana hapa ndipo kazi yangu ilipo. Pancha inazibika, na ikizibwa vizuri tairi linamaliza maisha yake salama. Lakini kuziba vizuri ni kulitoa tairi kwenye rimu, kulitazama ndani, kusafisha tobo, kulijaza mpira kwa kupitia ndani na kubandika kiraka juu yake. Tobo liwe pale kwenye kashata, si zaidi ya milimita 6. Ubavu hauzibwi. Kijiti cha gundi kinachosukumwa kwa nje, dakika tano gari limeondoka, ni cha kukufikisha nyumbani. Maji yanapenya pembeni yake, nyuzi za chuma zinapata kutu ndani kwa ndani, na hewa yetu ya pwani yenye chumvi haisaidii. Mteja akiambiwa tulitoe tairi tuangalie ndani, anasema, "Fundi, nachelewa, weka kijiti." Nasi tunaweka.

Tairi lililotembezwa bila upepo ukilifungua utakuta ndani unga mweusi kama masizi ya sufuria. Huo ni ubavu umejisaga wenyewe. Tairi hilo limekufa, hata kama kwa nje halina alama yoyote, na mnunuzi wa mtumba hawezi kulijua kwa sababu unga unafutwa kwa kitambaa. Wapo pia wanaoshona ubavu kwa nailoni na kuweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani. Wapo wanaochonga mifereji mipya kwa chuma cha moto kwenye tairi kipara la gari dogo, ambalo chini ya kashata halina mpira wa ziada, ni chuma moja kwa moja. Kuchonga kunaruhusiwa kwenye matairi ya malori yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo na kuandikwa REGROOVABLE, basi.

Tusichanganye hayo na ritredi ya kiwandani. Pale mwili wa tairi unakaguliwa, unakwanguliwa, unavikwa mkanda mpya na kupikwa kwa joto na mgandamizo. Hata matairi ya ndege huvikwa upya mara kadhaa. Mwenye malori ya makaa ya mawe yanayoshuka kutoka Ruvuma hadi bandarini kwetu akitumia ritredi iliyofanywa vizuri kwenye magurudumu ya nyuma, hajakosea.

Kuna na uzito. Kila tairi lina namba ya mzigo. Tairi la Hiace huweza kuandikwa 106, maana yake likiwa peke yake linabeba hadi kilo 950. Tairi la gari dogo lenye rimu ileile ya inchi 15 huweza kuandikwa 91, ambalo ni kilo 615. Linaingia vizuri, linafungika, na ni rahisi zaidi. Manne ya aina hiyo yanabeba kilo 2,460 zikijumlishwa. Hiace iliyojaa abiria, mizigo yao na magunia juu inakaribia tani 3. Nimezitoa Hiace za abiria kwenye jeki zikiwa na matairi hayo, dereva hajui, mwenye gari hajui, na abiria aliyelipa nauli ya kwenda Tandahimba ndiye asiyejua kabisa.

Sasa ombi langu.

Maafisa biashara wa halmashauri, kila duka na kila kibanda kinachouza tairi la mtumba kiandike kwenye risiti mambo matatu: zile tarakimu nne, saizi, na namba ya mzigo. Ni dakika moja. Muuzaji akishaandika 3909 kwa mkono wake na mnunuzi akaisoma, wote wawili wameshajua wanachofanya. Asiye na risiti za mashine hata daftari linatosha kuanzia.

Wakuu wa usalama barabarani na LATRA, ukaguzi wa mabasi, Hiace, Noah za abiria na magari ya wanafunzi usiishie kwenye kipara. Isomwe tarehe na namba ya mzigo, kwa tochi, hata kama iko upande wa ndani. Tairi lililovuka miaka 10 lisibebe abiria. Mkitaka kuanza kidogo, anzeni na magurudumu ya mbele. Na tafadhali ukaguzi huo ufanyike Septemba, kabla korosho hazijaanza kusombwa na kabla ya mvua za Desemba hadi Aprili. Mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilivyoikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga. Barabara zetu baada ya mvua zina mashimo yenye kingo kali, na tairi kongwe likiingia shimoni kwa kasi linatoa nundu ubavuni.

TBS, tuwekeeni ukomo wa umri wa tairi la mtumba kuingia sokoni, na mtupe bango moja la Kiswahili lenye picha linaloonyesha mahali pa kusoma tarehe, la kubandika kila kibanda. Mambo mengi niliyoandika hapa mteja wangu angeyajua kwa kutazama ukutani huku akisubiri pancha.

Vyuo vya VETA vipo Mtwara na vipo Lindi. Sisi wengi ufundi tumeupata kwa kumshikia mtu jeki. Tuiteni siku tatu, tufundishwe kuziba kwa ndani, tupewe kipimo cha kina. Kwa sasa mimi natumia njiti ya kiberiti. Unene wake ni kama milimita 2, ukiilaza mferejini ikichomoza juu ya kashata, tairi limekwisha.

Naomba pia msituletee oparesheni. Nikisikia gari la kukamata matairi linakuja, matairi yangu yatalala chumbani kwangu usiku huohuo, na wenzangu watafanya hivyohivyo, halafu yatauzwa gizani bila mtu kuona tarehe. Anayenunua tairi bovu mara nyingi hana hela ya jipya lote kwa siku moja. Vyama vya madereva na AMCOS za korosho, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, wakae na wauzaji wa matairi mapya, mtu alipe kwa awamu hadi msimu. Wenye pikipiki wanapata mkataba, kwa nini mwenye Noah asipate matairi manne?

Na yale yatakayokataliwa yasiachwe vichakani. Tairi lililolala wazi ni mtungi wa maji ya mvua, na mbu wa Aedes, wanaoeneza chikungunya, ule ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo, wanazaliana humo. Chikungunya dunia nzima wanaiita kwa neno la Kimakonde, la mtu aliyejikunja kwa maumivu, kwa sababu ilitambuliwa mara ya kwanza huku kwetu, uwanda wa Makonde, kwenye mlipuko wa 1952. Halmashauri zitenge mahali penye paa. Washona makobazi na wafuma kamba za mpira watayapunguza wenyewe.

Mama wa yule kijana alipona, ila mkono wa kulia haunyanyuki kufika kichwani. Ndoo anabebewa. Sijawahi kusikia akinilaumu, na akipita kibandani ananisalimia kama zamani.

Mabaki ya lile tairi niliomba nipewe. Nimeyatundika ukutani, na zile tarakimu nimezizungushia chaki nyeupe. Yeyote kati yenu akitaka kuziona, nafungua saa moja asubuhi.

Wenu mtiifu,
Fundi pancha, Mtwara